Bamba la titani linapokataa kulowana: uchambuzi wa kisa kimoja

Vipande vya kioo cha kawaida, milimita 75 kwa 25, vimepakwa titani dioksidi (hapa chini tutaiita "titani" kwa kifupi). Vimechovywa kwenye mchanganyiko wa titani isopropoksidi, ethanoli na asetilasetoni, vikavutwa juu polepole, vikakaushwa kwa nyuzi joto 100, kisha vikachomwa tanuruni kwa nyuzi joto 450 kwa saa moja. Mpako una unene wa nanomita 100 hivi. Kinachotarajiwa ni kwamba ukimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, maji yatande juu yake bila kujikusanya kuwa matone, na pembe ya mguso ishuke chini ya digrii 10.

Mambo hayaendi hivyo. Siku vinapotoka tanuruni, tone linatanda lenyewe hata kabla taa haijawashwa. Vikishakaa siku tatu ndani ya boksi la plastiki, pembe imeshapanda hadi karibu digrii 65. Taa inawashwa usiku kucha na pembe inashuka hadi 45, halafu inaganda hapo. Vikihamishiwa chini ya taa nyingine, baadhi ya vipande vinafika karibu na sifuri, ila vinabaki na ukanda mwembamba pembeni ambako maji yanakatika na kurudi nyuma. Vingine vinalowana, lakini vinachukua saa nyingi kuliko ilivyotazamiwa.

Yeyote anayetengeneza mipako hii amewahi kukutana na kisa cha aina hii, na vipimo vinavyotajwa ni vya kiwango cha kawaida kwa hali kama hiyo. Uamuzi wa haraka huwa ni kwamba mpako umeharibika na mchanganyiko ubadilishwe. Ni uamuzi mbaya. Kipande kilicholowana siku ya kwanza kimeshajibu swali la msingi: oksidi yenyewe inapenda maji. Kinachotakiwa kutafutwa ni kile kilichokuja kuikalia, na kwa nini mwanga umeshindwa kukiondoa.

Kwanza, kipimo chenyewe

Pembe ya mguso ni ile inayopimwa ndani ya maji, kati ya uso wa bamba na ukingo wa tone. Ukubwa wake unaamuliwa na pande tatu zinazovutana: hewa na bamba, bamba na maji, maji na hewa. Mvutano wa uso wa maji safi ni milinyutoni 72.8 kwa mita kwenye nyuzi joto 20. Kwa hesabu hiyo, nishati ya maji kushikamana na uso wenye pembe ya digrii 72 ni milijuli 95 kwa mita mraba, na kwenye pembe sifuri ni milijuli 146. Tofauti ni milijuli 50 tu. Tabaka la uchafu lenye unene wa molekuli moja linatosha kabisa kuleta tofauti hiyo, na ndiyo sababu bamba linaloonekana safi kwa macho linaweza kuwa halifai.

Tone la mikrolita 3 linawekwa kwa sindano yenye ncha safi, likiguswa taratibu kwenye uso badala ya kuangushwa, na linapigwa picha ya ubavuni ndani ya sekunde tano. Pembe ikiwa juu ya digrii 20, picha hiyo inatosha. Ikishuka chini ya 10, programu ya kamera huanza kubahatisha kwa sababu ukingo wa tone unakaribia kulala sambamba na bamba. Hapo ni bora kupima upana wa tone kutoka juu na kupiga hesabu. Tone la mikrolita 3 lenye pembe ya digrii 60 lina kipenyo cha milimita 2.9. Kwenye digrii 10 kipenyo ni milimita 5.6, kwenye digrii 5 ni milimita 7.0, na kwenye digrii 2 kinafika 9.6. Rula na kamera ya simu iliyofungwa juu ya bamba hufanya kazi hii vizuri kuliko mashine ya ghali inayotazama ubavuni.

Kuna mtego mwingine hapa. Pembe sifuri haithibitishi kwamba kemia ya uso imekuwa nzuri kabisa. Uso wenye mikwaruzo na vitundu huzidisha tabia iliyokuwapo: kosaini ya pembe inayoonekana ni sawa na kosaini ya pembe halisi ikizidishwa kwa uwiano wa eneo la kweli dhidi ya eneo bapa. Kama pembe halisi ni digrii 30, ongezeko la eneo la asilimia 16 tu linatosha kuifanya ionekane sifuri. Mpako wa aina hii una vitundu vidogo, na maji huingia humo yakatanda. Hivyo kipande kinaweza kusomeka sifuri leo na wiki ijayo, huku pembe yake halisi imepanda kutoka 5 hadi 28 bila mtu kujua. Kisha inapita mpaka, na maji yanaanza kukusanyika ghafla. Ukiona mpako "umekufa kwa siku moja", mara nyingi ulikuwa unachafuka siku zote hizo.

Taa

Taa ya kwanza katika kisa hiki ni ya LED ya nanomita 395, aina ileile inayowekwa kwenye tochi za kukagulia noti. Inang'aa zambarau, inafanya karatasi nyeupe iwake, na kila anayeiona anaamini kuwa ni urujuanimno kamili. Lakini elektroni ya titani dioksidi hairuki pengo la nishati (kiasi cha nishati inachohitaji ili iachane na mahali pake) kwa kuangaliwa na rangi ya zambarau. Umbo la fuwele liitwalo anatasi, ambalo ndilo hutokea kwenye nyuzi joto 450, lina pengo la elektronivolti 3.2, na fotoni (chembe ya mwanga) inayoweza kulivuka lazima iwe na urefu wa wimbi usiozidi nanomita 388 hivi. Gawanya 1240 kwa urefu wa wimbi upate nishati: nanomita 395 ni elektronivolti 3.14, nanomita 365 ni 3.40. Ya kwanza inagonga mlango, ya pili inaingia.

Kwa nini basi pembe ilishuka kutoka 65 hadi 45? LED haitoi wimbi moja tu. Wigo wake una mkia unaoshuka chini ya 388, na mkia huo unafanya kazi kidogo. Unasafisha kwa kasi ndogo inayolingana na kasi ya uchafu mpya kutua, na pale kasi mbili zinapolingana pembe inaganda. Digrii 45 ilikuwa ni mahali pa mizani kati ya taa dhaifu na hewa chafu. Kuongeza saa za kumulika kusingebadilisha kitu.

Taa za LED nyeupe za chumbani hazitoi urujuanimno wa maana, kwa hiyo mpako uliowekwa ndani ya nyumba chini ya taa hizo hauna chochote cha kuuamsha. Kifuniko nacho ni cha kukaguliwa. Polikaboneti, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, huzuia karibu mwanga wote ulio chini ya nanomita 380, na kioo cha tabaka mbili kilichounganishwa kwa plastiki katikati hufanya vivyo hivyo. Imewahi kutokea zaidi ya mara moja, kwenye maabara mbalimbali, kwamba vipande vinamulikwa vikiwa bado vimefunikwa ili vumbi lisiingie.

Taa inayofaa ni ya nanomita 365, ikitoa miliwati 1 hadi 2 kwa sentimita mraba pale penye bamba. Kipimo kichukuliwe usawa wa bamba, kwa kihisio kilichosawazishwa kwa wimbi hilohilo; kihisio cha 365 kikielekezwa kwenye LED ya 395 husoma namba isiyo na maana. Kwa miliwati 1, fotoni zinazofika ni takribani 1.8 × 10¹⁵ kila sekunde kwa kila sentimita mraba. Idadi hiyo inatisha mpaka ukumbuke kwamba mpako mwembamba hunyonya sehemu ndogo tu yake, na kati ya elektroni na mashimo (nafasi tupu zinazoachwa na elektroni zilizoruka) yanayozaliwa, mengi huungana tena kabla ya kufika usoni.

Piga hesabu ya makadirio. Tabaka moja la asidi ya oleiki, asidi ya mafuta, lina molekuli zipatazo 5 × 10¹⁴ kwa sentimita mraba, na kuichoma molekuli moja hadi iwe hewa ya ukaa na maji kunahitaji kuhamisha elektroni 102. Tukichukulia kwamba mpako unanyonya asilimia 5 ya mwanga na kwamba asilimia 1 ya kilichonyonywa ndiyo inayofanya kazi, uchomaji kamili unachukua zaidi ya saa 15. Maji huanza kutanda mapema kuliko hapo, kwa sababu mnyororo wa mafuta ukishakatwakatwa na kubeba oksijeni haufukuzi maji tena kwa nguvu ileile. Hata hivyo hesabu inaonyesha kwamba dakika kumi za taa hazina cha kuthibitisha. Kiwango cha kimataifa cha ISO 27448, kinachopima usafi wa nyuso hizi kwa pembe ya mguso, kinatumia asidi hiyohiyo ya oleiki kama uchafu wa makusudi, na upimaji wake hufuatiliwa kwa saa nyingi.

Kilichokaa juu ya uso

Bamba lililotoka tanuruni halina mafuta, yameungua yote. Kuanzia hapo hewa inaanza kazi yake. Hewa ya ndani ya jengo lolote ina asidi za kaboksili, kama ya fomiki na ya asetiki, kwa kiwango cha sehemu chache katika bilioni. Ni kidogo, lakini kwa sehemu moja tu katika bilioni, idadi ya molekuli zinazogonga uso inatosha kinadharia kuujaza ndani ya sekunde moja au mbili, kama kila inayogonga ingebaki.

Na asidi hizi hubaki. Mwaka 2018 kundi la Ulrike Diebold huko Vienna, pamoja na la Melissa Hines wa Chuo Kikuu cha Cornell, lilionyesha kwamba titani dioksidi ya umbo la rutili (umbo lake lingine la fuwele) ikiwekwa kwenye hewa ya kawaida hufunikwa na tabaka lililojipanga kwa utaratibu la fometi na asetati, yaani mabaki ya asidi ya fomiki na ya asetiki. Kila moja hushika atomi mbili za titani zilizo jirani kwa miguu yake miwili ya oksijeni. Maji ni mengi mno hewani ukilinganisha na asidi hizo, lakini yanashika kwa mguu mmoja, kwa hiyo yanasukumwa kando. Mkia wa asetati unaoelekea nje ni kaboni na haidrojeni, na maji hayana cha kushika hapo.

Boksi la plastiki linaongeza tatizo. Plastiki nyingi za polipropilini na polithini huchanganywa na vilainishi vya jamii ya amaidi za mafuta ili zisigandane kiwandani. Vilainishi hivyo hupanda polepole hadi usoni mwa plastiki na kuhamia kwenye chochote kinachogusana nacho. Karatasi ya alumini ya jikoni, ambayo wengi huikimbilia kama mbadala, hubaki na mafuta ya mitambo ya kuiviringisha. Kisahani cha kioo kilichochomwa tanuruni pamoja na vipande vyenyewe, kikafunikwa kwa kifuniko chake cha kioo, ndicho chombo kinachofaa.

Ukanda wa pembeni

Hapa ndipo penye hasara isiyorudishika. Vipande vilishikiliwa kwenye rafu yenye mifereji ya mpira wa silikoni, na ukanda usiolowana una upana uleule wa mfereji. Silikoni iliyoungana na kukauka huwa bado ina minyororo mifupi ambayo haijaungana, na hiyo husambaa kama mafuta. Uso wake una pembe ya digrii 100 hadi 110.

Mafuta ya kawaida yakichomwa na mwanga huondoka yakiwa hewa ya ukaa na mvuke. Silikoni haina njia hiyo. Makundi yake ya methili (ya kaboni na haidrojeni) huungua, lakini uti wake wa atomi za elementi ya silikoni na za oksijeni hubaki na kugeuka silika, oksidi ya elementi hiyo, papo hapo juu ya mpako. Ukiumulika ukanda huo kwa muda mrefu utaanza kulowana, na mtu atafurahi bure. Silika inapenda maji, hivyo pembe inashuka, lakini chini yake titani imezibwa. Uchafu unaofuata ukitua, mwanga hautauondoa. Kuchoma tena tanuruni kunaleta matokeo yaleyale. Asetoni na ethanoli hazifai kitu dhidi ya mafuta ya silikoni. Heksani inaweza kuyaosha kabla taa haijawashwa, ikitumiwa ndani ya kabati la kuvuta hewa na kubadilishwa kila mara, na hata hapo si kwa uhakika. Zaidi ya hayo, silikoni fupi zinavukiza: kizibo kimoja cha silikoni kwenye kabati la kuhifadhia kinaweza kuchafua vipande visivyokigusa.

Vipande vinavyochelewa

Vile vinavyolowana kwa kuchelewa vina kasoro nyingine, na hii kweli imo ndani ya mpako. Kioo cha kawaida kina sodiamu nyingi. Kwenye nyuzi joto 450 ioni za sodiamu zinahama kutoka kioo hadi kwenye titani iliyo juu yake, zikazuia fuwele za anatasi kukua vizuri na kuwa mahali pa elektroni na mashimo kukutana na kufutana. Kadiri joto linavyopanda na muda unavyorefuka, ndivyo sodiamu inavyozidi kupanda. Kwa hiyo mtu anayeona mpako mvivu na kuamua kuuchoma kwa nyuzi 550 kwa saa tatu anauzidishia ugonjwa.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi: paka kipande cha kwarzi (silika tupu isiyo na sodiamu) kwa mchanganyiko uleule, kichome kwenye tanuru lilelile, kimulike chini ya taa ileile. Kwarzi ikifika chini ya digrii 5 mapema sana kuliko kioo, mwenye kosa ni sodiamu. Dawa ni kupaka silika tupu kwanza na kuichoma, ndipo titani ije juu yake. Kuongeza unene wa titani hakusaidii sana. Kioo cha madirisha kinachojisafisha cha Pilkington Activ, kilichoingia sokoni mwaka 2001, kinafanya kazi kwa tabaka la takribani nanomita 15.

Je, mwanga unasafisha tu?

Mwaka 1997 Rong Wang, Akira Fujishima na wenzao walichapisha katika jarida la Nature kwamba titani dioksidi yenye pembe ya digrii 72 ilifika sifuri baada ya kumulikwa. Maelezo yao hayakuwa ya usafi. Walisema mwanga unang'oa oksijeni zilizokaa kama daraja kati ya atomi za titani, maji yanajaza nafasi hizo yakiwa haidroksili (makundi ya oksijeni na haidrojeni), na uso unabadilika wenyewe. Maelezo hayo yakaingia kwenye vitabu. Mwaka 2005 kundi la mkemia John Yates lilichukua fuwele safi ya rutili, likaiweka kwenye oksijeni yenye heksani ya kiasi kinachojulikana, na kuona kwamba tone hutanda ghafla baada ya muda fulani wa mwanga, na muda huo hurefuka heksani inapoongezwa. Hiyo ni tabia ya uchafu kuondolewa.

Kwa kisa hiki, uzito uko upande wa usafi. Vipande vililowana vilipotoka tanuruni bila fotoni hata moja, na hakuna haja ya kung'oa oksijeni kueleza hilo. Haidroksili za ziada zinaweza kuchangia, hasa katika kuchelewesha uchafu kurudi, lakini anayetafuta kasoro kwenye bamba akianza nazo atapoteza muda. Anayetaka kujiridhisha amulike kipande kimoja kwenye oksijeni yenye unyevu na kingine kwenye naitrojeni safi. Kile cha naitrojeni kikikwama, basi uoksidishaji ndio unaofanya kazi. Kando yao kiwepo kioo kitupu kisicho na mpako. Kikilowana nacho, taa hiyo inatoa mawimbi mafupi ya nanomita 185 au 254 na ozoni, ambavyo husafisha uso wowote, na jaribio lote halisemi lolote kuhusu titani.

Kazi ya kurekebisha

Vipande vyote vinapangwa upya kwa kupumuliwa hewa ya mdomo: pale panapopata ukungu mweupe ni pachafu, pale panapopata utando unaopitisha mwanga ni safi. Vyenye ukanda vinatengwa papo hapo, havirudi kwenye kisahani kimoja na vingine. Vilivyobaki vinaoshwa kwa ethanoli, kisha maji yaliyoondolewa ioni, si ya bomba, kwa kuwa chokaa ya bomba huacha alama ambazo hakuna mwanga unaoweza kuzichoma. Vinakaushwa kwa naitrojeni na kushikwa kwa koleo la chuma kwenye kona, bila glavu kugusa uso.

Vinamulikwa kwa taa ya nanomita 365, miliwati 2 kwa sentimita mraba, bila kifuniko, unyevu wa hewa ukiwa karibu asilimia 50. Pembe inapimwa sehemu tano za kila kipande, kila mara mahali ambapo tone halijawahi kukaa, mwanzoni kila baada ya saa moja. Ikifika chini ya 10 kote, taa inazimwa na vipande vinawekwa gizani kwenye kisahani cha kioo, vikipimwa tena baada ya siku moja, tatu na saba. Kasi ya kupanda gizani inaeleza usafi wa hifadhi, na kasi ya kushuka kwenye mwanga inaeleza afya ya mpako. Zisichanganywe katika namba moja. Kipande kinachoshuka haraka na kupanda haraka kinahitaji chombo kingine. Kinachoshuka polepole na kupanda polepole kinahitaji silika chini ya titani, na kwa kundi hili hilo litafanyika kwenye vioo vipya tu, kwa sababu sodiamu iliyokwisha kupanda haitoki kwa kuosha.